Manipuleta ya kizazi: maoni ya muuguzi aliyeshika mpini wake miaka 11

Kwa miaka 11 nimeishika manipuleta ya kizazi mara nyingi mno kuhesabu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kwenye operesheni za kina mama za matundu madogo kazi yangu mara nyingi ni kukaa chini, kwenye kiti kifupi katikati ya miguu ya mgonjwa, mkono kwenye mpini. Daktari yuko juu, macho kwenye skrini. Anachokiona yeye mimi sikioni mpaka nigeuze shingo, namsikiliza tu. "Sista, sukuma juu. Peleka kushoto. Hapo hapo, usiachie." Kwa hiyo maoni haya hayatoki kwenye karatasi ya kiwandani. Nakijua uzito wa kifaa hiki, najua jinsi kiganja kinavyokufa ganzi ikipita saa moja, na najua kinafanya nini huko ndani mahali ambapo kamera haifiki.

Kwa asiyeijua: manipuleta ni fimbo nyembamba ya chuma au plastiki ngumu, imepinda kidogo kufuata umbo la nyonga. Kwenye ncha kuna puto dogo linalojazwa hewa au maji likishaingia ndani ya kizazi, ili fimbo isichomoke. Nyuma ya puto kuna kikombe kinachouvaa mlango wa kizazi kama kofia. Nyuma ya kikombe kuna puto jingine linaloziba uke, gesi iliyojazwa tumboni isitoke. Mwisho kabisa ni mpini, na mpini ndio wangu.

Nianze na sifa, maana kifaa hiki kinazistahili. Kwenye upasuaji wa matundu hakuna mkono unaoingia tumboni kushika kizazi na kukigeuza. Kuna vyuma virefu tu, vyembamba kama penseli, na kizazi kinateleza. Manipuleta ndiyo mkono wenyewe, ila unatokea chini. Kizazi kikisukumwa kuelekea kichwani kwa mgonjwa, mirija ya mkojo inayopita karibu sana na mlango wa kizazi inaachwa mbali na kifaa cha umeme kinachokata. Kikombe nacho kinamwonyesha daktari pa kukata: anaona ukingo wake umetuna chini ya nyama ya uke, anaufuata kama fundi cherehani anavyofuata mstari wa chaki. Nimeona operesheni za saa tatu zikimalizika kwa saa moja na nusu kwa sababu tu aliyeshika mpini alijua kazi yake. Kwa mwanamke anayeondolewa kizazi kwa ajili ya fibroidi, au kwa kutokwa damu kusikokwisha, na vipimo vyake vya saratani ni safi, naipa nyota tano bila kusita. Kasoro zipo, puto kupasuka katikati ya kazi, kikombe kuwa kidogo kuliko inavyotakiwa, mpini kuteleza kwenye glavu yenye damu, lakini hizo ni kasoro za kurekebishika.

Ninachotaka kukisema hasa ni kingine. Kifaa hiki hiki, kwa mgonjwa mwenye saratani ya mlango wa kizazi, siwezi kukipa hata nyota moja. Nisingependa kukiona kwenye trei.

Nitaeleza kwa mgonjwa mmoja, bila kumtaja wala kutaja tulipomfanyia. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu. Ugonjwa wake ulikuwa umekutwa mapema, ile hatua ambayo upasuaji peke yake unaweza kumponya mtu kabisa. Uvimbe ulikuwa sentimita mbili na nusu hivi, kwenye mdomo wa mbele wa mlango wa kizazi. Kabla ya nusukaputi alinishika mkono akaniuliza, "Sista, kovu litakuwa kubwa?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni matundu manne tu, kila moja kama kifungo cha shati." Nilimwambia kwa furaha. Niliamini namletea habari njema, na siku hiyo sikuwa peke yangu katika kuamini hivyo.

Alipolala tukamwandaa, spekulamu, kile kifaa cha kuufungua uke, ikaingia, taa ikaelekezwa. Ili manipuleta iingie ni lazima kwanza mlango wa kizazi ushikwe kwa koleo lenye meno, uvutwe kuja mbele, unyooke. Daktari msaidizi akabana. Meno yaliingia moja kwa moja kwenye uvimbe, maana uvimbe ndio uliokuwa hapo. Nyama ya saratani ile haina ushupavu wa nyama ya kawaida. Inamomonyoka kama udongo uliolowa. Koleo likachomoka na kipande, damu ikaanza kuchuruzika. Akabana tena pembeni kidogo. Kisha vikaingia vyuma vya kupanua njia, chembamba, kinachofuata kinene zaidi, halafu kingine, vyote kwa kupita katikati ya uvimbe. Ndipo ikaja manipuleta yenyewe, puto likajazwa, kikombe kikasukumwa mpaka kikakaa. Nakumbuka niliifuta fimbo kwa shashi kabla ya kuushika mpini vizuri, kwa sababu ilikuwa na vijinyama. Niliifuta kama ninavyofuta damu yoyote. Shashi nikaitupa kwenye ndoo, tukaendelea.

Kwa karibu saa nne nilisukuma. Kila nilipoambiwa "juu" kikombe kiliugandamiza uvimbe, na kila nilipoambiwa "zungusha" kiliusaga. Ndani ya tumbo kulikuwa na gesi ya kaboni dayoksaidi kwa mgandamizo wa kawaida wa operesheni hizi, milimita 12 hadi 15 za zebaki, na mgonjwa alikuwa amelazwa kichwa chini miguu juu ili utumbo usogee. Ikafika hatua ya kuukata uke. Kifaa cha umeme kikazunguka ukingo wa kikombe, moshi ukajaa kwenye skrini, na pale uke ulipoachia nilisikia gesi ikipita pembeni ya mkono wangu kwa mlio mwembamba. Nikageuza shingo kutazama. Mlango wa kizazi ulikuwa umepinduka, na uso wa uvimbe, ule unaotoa damu, ulikuwa wazi kabisa ukiangalia ndani ya tumbo. Damu yake ilitiririka kuelekea juu, upande wa ini, kwa sababu kichwa cha mgonjwa kilikuwa chini. Tukasafisha kwa maji. Kizazi kikavutwa nje kupitia uke. Daktari akasema kazi ni nzuri, na kwa macho yetu ilikuwa nzuri: damu iliyopotea ilikuwa ndogo mno, na mama yule alirudi nyumbani siku ya pili.

Hakumaliza mwaka mmoja na nusu akarudi. Ugonjwa ulikuwa umeota juu ya uke, pale tulipokata na kushona, na kulikuwa na uvimbe mwingine kwenye utando wa tumbo. Mimi ndiye niliyempokea alipoletwa kwa kipimo cha kukata kinyama. Alinikumbuka. Aliniamkia kwa jina langu.

Siwezi kusema kwamba ni mkono wangu. Saratani hurudi pia kwa wanawake waliopasuliwa kwa njia iliyo salama kuliko zote, na kwa mgonjwa mmoja hakuna awezaye kuonyesha seli ipi ilitoka wapi. Kwa muda mrefu nilijituliza kwa maneno hayo. Kisha mwaka 2018 ukafika.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya utafiti uitwao LACC, ulioongozwa na Daktari Pedro Ramirez, wakati huo akiwa hospitali ya saratani ya MD Anderson kule Houston, Marekani. Wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za mwanzo, kwenye hospitali 33 za nchi mbalimbali, walipangiwa njia ya upasuaji kwa bahati nasibu: 319 matundu, wengi wao kwa laparoskopi, yaani kamera na vyuma virefu vinavyoshikwa kwa mkono, na wachache kwa roboti, na 312 kufunguliwa tumbo. Walikusudiwa 740. Uandikishaji ulisimamishwa kabla, kwa sababu kamati iliyokuwa ikilinda usalama wa wagonjwa iliona vifo vinaegemea upande mmoja. Waliofariki walikuwa 22. Kati yao 19 walikuwa wa matundu, watatu wa kufunguliwa tumbo. Kwa makadirio ya miaka minne na nusu, wanaoishi bila ugonjwa kurudi ni asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa na asilimia 86 kwa wa matundu.

Tuliisoma tukiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Daktari mmoja alikuwa na karatasi mkononi, akasoma mpaka kwenye 19 na 3, akanyamaza. Tulikuwa wanne. Kila mmoja wetu alikuwa na mgonjwa wake aliyemkumbuka.

Wapo waliosema madaktari wa utafiti ule hawakuwa na ujuzi wa kutosha wa matundu. Lakini katika toleo hilo hilo la jarida kulikuwa na uchambuzi mwingine wa kumbukumbu za hospitali za Marekani, wanawake 2,461 waliopasuliwa kati ya 2010 na 2013. Ndani ya miaka minne makadirio ya waliofariki yalikuwa asilimia 9.1 kwa matundu na 5.3 kwa tumbo kufunguliwa. Na matokeo ya mwisho ya LACC yalipotoka 2024, baada ya wagonjwa kufuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, pengo la vifo lilikuwa limepungua kuliko lilivyoonekana mwanzo, ila lilikuwa bado lipo: waliokuwa hai miaka minne na nusu baada ya operesheni walikuwa asilimia 90.6 upande wa matundu na 96.2 upande wa pili. Baadhi ya waliorudiwa na ugonjwa upande wa matundu walikutwa saratani imetapakaa kwenye utando wa tumbo. Upande wa waliofunguliwa hakukuwa na aliyekutwa hivyo. Mstari huo niliusoma mara tatu.

Sasa, LACC haikuipima manipuleta. Ililinganisha njia mbili za kuingia tumboni. Sababu zinazoshukiwa ni zaidi ya moja: fimbo inayopita kwenye uvimbe, gesi inayozungushwa tumboni na pengine kubeba seli, na uke kukatwa kutokea ndani huku uvimbe ukiwa wazi. Aliyekaa kwenye kile kiti kifupi anaona jinsi hayo matatu yanavyoshikana: fimbo inabomoa, gesi inapeperusha, mkato unafungua mlango. Seli za saratani zikishaachia pale zilipokuwa zimejishika hazihitaji mshipa wa damu ili zisafiri. Zinahitaji mahali pabichi pa kujishikiza, na tumbo lililotoka kupasuliwa limejaa mahali pa namna hiyo, ikiwemo ile mishono ya uke na hata vile vitundu vya ngozini ambako vyuma vilipita.

Utafiti ulioitazama manipuleta moja kwa moja ni ule wa Ulaya uitwao SUCCOR, uliotoka 2020. Walichukua kumbukumbu za wanawake 693 waliopasuliwa mwaka 2013 na 2014. Ambao walifanyiwa kwa matundu na manipuleta ikatumika, hatari ya ugonjwa kurudi ilikuwa mara 2.76 ya waliofunguliwa tumbo. Ambao walifanyiwa kwa matundu bila manipuleta, tofauti na waliofunguliwa haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Na ambao uke wao ulifungwa kwanza kuuzunguka uvimbe kabla ya kukatwa, matokeo yao yalikaribiana na ya waliofunguliwa. Ni utafiti wa kutazama kumbukumbu, haukupanga wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hauwezi kubeba uzito wa LACC. Lakini kwangu mimi niliyeifuta ile fimbo kwa shashi, unaeleza nilichokiona.

Kuna swali huwa naulizwa na wauguzi wadogo: mbona saratani ya mfuko wenyewe wa kizazi hufanyiwa kwa matundu na hakuna kelele? Ni swali zuri sana. Utafiti wa LACE, uliotoka 2017, ulipanga wanawake 760 wenye saratani hiyo, na baada ya miaka minne na nusu njia zote mbili zilikuwa sawa, asilimia 81.6 na 81.3 bila ugonjwa. Tofauti iko kwenye mahali. Saratani ya mfuko imefungiwa ndani ya ukuta mnene wa misuli, na kizazi kinatolewa kikiwa kimefungwa chenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi iko nje ya mlango, imetazama uke, haina kinachoifunika. Ukikata uke juu yake umeiweka wazi. Ndiyo maana kosa kubwa tulilofanya, naliita kosa, lilikuwa kuchukua kifaa kilichofanya vizuri kwenye operesheni nyingine za kizazi na kudhani kitafanya vizuri hapa pia, bila kusubiri kuhakikisha. Operesheni hii kwa laparoskopi ilianza kufanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jibu la uhakika limekuja zaidi ya miaka 25 baadaye.

Na faida tuliyokuwa tukiwaahidi wagonjwa? Nakubali zipo. Damu kidogo, maumivu kidogo ya kidonda siku za kwanza, kulazwa siku chache. Lakini watafiti wa LACC waliwauliza wanawake wale wale kuhusu hali ya maisha yao baada ya operesheni, na wiki sita baadaye, hata miezi mitatu baadaye, makundi mawili hayakutofautiana. Kwa hiyo kile ambacho mama yule alikipata kutoka kwangu, matundu manne kama vifungo vya shati, kilikuwa faraja ya wiki chache.

Wanaopenda matundu wana hoja yao, na ni haki niiseme. Ujerumani kuna kundi la madaktari wanaofanya operesheni hii kwa laparoskopi bila kuweka manipuleta kabisa. Wanaanza chini: wanaukata uke kwa mduara chini ya uvimbe, wanaukunja na kuushona juu ya uvimbe kama mtu anavyofunga mdomo wa mfuko kwa kamba, ndipo wanahamia tumboni. Saratani haionekani tena mpaka inapofika maabara. Kwenye kumbukumbu zao za wagonjwa 389, wasiorudiwa na ugonjwa baada ya miaka minne na nusu walikuwa asilimia 95.8. Ni namba nzuri mno. Nimewahi kusaidia operesheni ya namna hiyo mara mbili. Badala ya manipuleta kizazi kilining'inizwa kwa uzi ulioshonwa kupitia ukuta wa tumbo. Ni kazi ngumu, inachosha, inadai subira, na sioni sababu ya kuidharau. Majaribio ya roboti yaliyoanzishwa baada ya LACC, Sweden na Marekani, yanatafuta jibu la swali hilo la mbinu za kinga. Mpaka jibu lipatikane kwa kuwapanga wagonjwa kwa bahati nasibu kama ilivyokuwa LACC, njia ambayo miongozo ya mabingwa wa saratani za kike inaitambua kuwa ndiyo ya kawaida ni kufungua tumbo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, nayo ilitoa tahadhari Februari 2019 kuhusu kutumia vifaa vya roboti kwenye upasuaji wa saratani za wanawake, ikitaja saratani hii kwa jina.

Kwa wanaojiuliza kuhusu uvimbe mdogo, usiozidi sentimita 2: utafiti wa SHAPE wa 2024, wanawake 700, ulionyesha kwamba kwa walio na hatari ndogo kuondoa kizazi peke yake hakukuongeza ugonjwa kurudi kwenye nyonga kuliko kuondoa pamoja na nyama za pembeni. Hiyo ni habari njema ya kweli, maana nyama hizo zikibaki kibofu kinapona upesi. Ila usiichanganye na habari ya manipuleta. Ni swali la kiasi gani kikatwe, na hata uvimbe mdogo una uso wake unaoweza kubomolewa na fimbo.

Ukiwa wewe ndiye mgonjwa, au unamsindikiza mama au dada yako, na daktari akataja matundu, uliza bila kuona haya. Je, mtaweka manipuleta ndani ya kizazi changu? Uvimbe utafunikwa vipi kabla uke haujakatwa? Nikichagua kufunguliwa tumbo, ni wewe utakayenifungua na umeshafungua wangapi? Swali la mwisho usiliache. Matundu yalishika kasi kiasi kwamba wapo madaktari vijana waliojifunza operesheni hii kwenye skrini peke yake, na kufungua tumbo kwa saratani ni ufundi wa mkono unaodai kurudiwarudiwa. Daktari mzuri hakasiriki ukimuuliza. Nimefanya kazi na wengi, na walio bora zaidi ndio wanaojibu taratibu zaidi.

Wifi yangu alinijia na uchaguzi huo huo. Ugonjwa wake ulikuwa hatua ya mwanzo, sentimita mbili kasoro kidogo. Alikuwa amepewa karatasi mbili za maelezo, moja ya matundu, moja ya kufungua. Alizitandaza mbele yangu akasema, "Wifi, wewe ndiye unayekaa kule ndani. Ungekuwa wewe?" Nikamwambia ningefunguliwa tumbo. Akalia kwa sababu ya kovu, na nikamwacha alie, kwa maana kovu lile ni refu, linatoka kitovuni na kushuka, na mwili ni wake. Alipomaliza nikamweleza kuhusu shashi. Sikumficha. Akaikunja karatasi ya matundu akaniachia.

Siku ya operesheni niliomba nisivae gauni la upasuaji, niwe muuguzi wa pembeni tu wa kupokea sampuli. Hakukuwa na kiti kifupi wala skrini. Daktari alikuwa na mikono yote miwili ndani ya tumbo, kizazi kikiwa kwenye kiganja chake cha kushoto, kimevutwa juu kwa vibano viwili vya pembeni. Hakuna kilichokuwa kimeingia kwa chini. Alipoufikia uke aliomba vibano vilivyopinda kwa pembe, vile vinavyobeba jina la Wertheim, daktari wa Vienna aliyeanza kufanya operesheni hii mwaka 1898. Akabana uke chini kabisa ya uvimbe, kibano kimoja kutoka kulia, kingine kutoka kushoto, ncha zikapishana. Akajaribu kwa kidole kama pameziba. Kisha akakata chini ya vibano.

Kizazi kilitoka na vibano vikiwa bado vimeuma. Nilileta ndoo ya formalini, dawa ya kuhifadhi sampuli, karibu na meza, nikakitazama kabla hakijazama. Uvimbe sikuuona. Ulikuwa humo ndani, umefungwa, na kitambaa cha kijani kilichokuwa chini yake hakikuwa na tone la damu lililotoka kwake. Nikaandika jina la wifi yangu, tarehe na saa, nikafunga mfuniko.